Gramu Mia na Arobaini

Laki nane na nusu.
Nimeiandika kwa penseli
nyuma ya bahasha ya bili ya maji,
ili ikibidi niifute.

Kwa fedha hiyo nimenunua upungufu.
Ndiyo, upungufu: gramu mia na arobaini
ambazo baiskeli yangu haizibebi tena.
Hasnain alizipima Kisutu kwenye mizani ya iliki,
breki za zamani kwanza, kisha hizi mpya,
nyembamba kama mifupa ya dagaa.
Akazuia pumzi asiitikise sindano.
"Ona inavyosita," akasema.
Nikaona. Nikalipa.

Tabu, mke wangu, aliuliza swali moja:
"Gramu mia na arobaini ndiyo kiasi gani?"
Nikapekua jikoni. Mayai mawili na kitunguu kidogo.
Akalitazama tumbo langu, hakusema neno,
akaendelea kusukuma chapati.

Fundi Siwatu wa Tandika ndiye aliyezifunga.
Ana kucha zenye grisi na ulimi usio na grisi.
Akazigeuza, akazigonga kwa bisibisi,
akatega sikio.
"Kazi safi. Springi laini.
Ila kinachokamata ni raba, kaka.
Chuma ni mkono tu wa kuifikisha.
Hizi ulizoletewa ngumu kama ukwato.
Nina laini, elfu tisa. Nikubadilishie?"
Nikakataa. Kwa bei ile, nilimwambia,
hata ugumu wake lazima una maana.

Jumamosi, jua halijakolea,
nilipanda Pugu, nikahema, nikahesabu nguzo za umeme.
Sikuzihisi gramu zilizoondoka.
Labda zilirudi kwa mlango wa nyuma,
kwenye chupa ya maji niliyoijaza mno.

Kisha nikageuza. Mteremko.
Manyunyu ya alfajiri bado yamelala kwenye lami,
na mbele yangu Mwinshehe (jina nililijua baadaye)
na magunia matatu ya mkaa wa Kisarawe
juu ya baiskeli isiyo na breki hata ya kuazima.
Mguu ameupeleka nyuma, kandambili juu ya tairi.
Soli inalia, inanuka,
inaibembeleza dunia ipunguze mwendo.

Bajaji ikachomoka kwa mama lishe bila kuuliza.
Nikabana. Vidole viwili, kama nilivyoahidiwa.
Breki zikanijibu kwa upole wa karani wa benki:
ombi lako limepokelewa.
Rimu zilikuwa na maji, raba zilikuwa ukwato.
Nikapita kati ya bajaji na gunia la mwisho
kwa nafasi ambayo sitamwambia Tabu,
nikasimama mbali, mchangani,
goti likicheza lenyewe.

Mwinshehe alikuwa ameshasimama.
Akavua kandambili, akaipindua, akaikagua.
"Imebakiza wiki," akasema.
Akanigeukia. "Ya kwako inakula nini?"

Ningejibu nini?
Inakula mshahara?

Jumatatu nilirudi Tandika. Raba laini, elfu tisa.
Siwatu hakucheka,
na kutocheka kwake kuliniuma kuliko bei.
Sasa zinakamata. Juzi Pugu, mvua ikinyesha,
zilikamata.
Lakini zile za zamani nazo, kwa raba hizo hizo,
zingekamata. Najua. Nilizijaribu kwa siri.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.
Hawakusema ghali hupika.

Ila mniache nimalizie ukweli.
Usiku, umeme ukikatika,
naamka nakwenda sebuleni, napapasa usukani,
nabana kwa kidole kimoja.
Tk. Zinafunga.
Naachia, zinafunguka pamoja, kushoto na kulia,
kama kope za mtu aliyelala vizuri.
Na laki nane na nusu,
kwa muda huo mfupi, gizani,
hainidai.

"Baba Zuhra," Tabu anaita kutoka chumbani,
"hiyo baiskeli iliyoegemea ukuta,
bado inakimbia?"