Risasi Nne

Nilitaka tairi la meno marefu, kama la Mwambire,
niitishe njia ya Marafa.
Fundi Mbeyu akatazama soli za viatu vyangu:
"Nusu ya riziki yako ni lami.
Meno hayo yataliwa kabla ya msimu."

Akanipa la meno mafupi.
Akalining'iniza gurudumu kwenye ekseli,
akalisukuma kwa kidole.
Likazunguka, likasita, likarudi
zito upande mmoja, kama mwenye deni.

Akafunga risasi ya mshipi kwenye spoki.
Moja. Mbili.
Kwa ya nne likatulia
popote alipoliacha.

Stendi nzima ilinicheka.

Leo nimempita Mwambire pale Mambrui,
tairi lake ufizi mtupu.
Nyuma yangu trei sita za mayai,
hakuna lililomgusa jirani.