Chumvi

Daktari kaandika: chumvi punguza, tembea nusu saa,
kama vile kutembea ni kidonge.

Tandika nilitembea bila kuandikiwa.
Chumvi kwa Mangi, mara mbili kwa siku,
na kopo nyumbani limejaa.
Njia ya dakika tano naimaliza kwa saa nzima,
kila kibaraza kinadai salamu yake.

Huku Goba nyumba yangu, ukuta wangu.
Barabara haina pembeni pa kukanyaga,
mbwa hawajazoea mtu mwenye miguu,
bodaboda anapunguza mwendo: "Mama, umekwama?"

Jana nimefika nguzo ya tatu.
Geti moja likafunguka, ufa tu.
"Jirani, wapi tena jua hili?"

Nikasema: chumvi.

"Ngoja nivae viatu."