Mshono wa Madigadi

Madigadi ya mbele imepasuka, Mihayo,
toka kwenye bolti hadi karibu na ncha,
na yule mbuzi wa Isevya hana hata mchubuko.
Dukani wanataka elfu thelathini na tano.
Lete hapa. Lete na jiko.

Nikachoma spoku kuukuu mpaka ikaiva,
nikatoboa kando ya ufa, huku na huku,
tundu kwa tundu,
kama bibi Nyamizi alivyokitoboa kibuyu
kilipodondoka mwaka wa njaa,
akakishona, kikashika maziwa
hadi nikaolewa.

Nilianza na kipande cha dumu la njano.
Kiliyeyuka, kikalala juu, kikapoa,
kikabanduka kama kigaga.
Plastiki nazo zina koo zao:
nyeusi haikutaka posa ya njano.
Nikakata kava la pikipiki iliyokufa zamani,
hilo likaingia, vikamezana,
moshi ukanipanda puani,
mtoto nikamfukuza nje.

Halafu waya mwembamba. Halafu msasa.
Si nzuri. Ni kovu, limetuna,
ukipitisha kidole gizani unalijua.

Jumatatu katoka stesheni na abiria
mwenye ndoo ya asali mapajani,
wakapitia nyumbani kunywa maji.
Mgeni akainama, akaugusa mshono.
“Fundi wa hii yuko wapi?”
“Mjini,” akasema Mihayo. “Ila bei yake kali.”

Nami nipo kizingitini,
beseni la jirani magotini,
spoku mkononi,
i moto bado.