Mia Kasa Moja

Redio imesema usiku wa manane.
Kimbunga wamekipa jina la ua.
Ghanima akauliza ni ua gani hilo linalong'oa mapaa,
kisha akafunga ushungi kisogoni, akashika beleshi.

Tulikuwa saba pale Rasi Hadd,
mabeleshi mawili, kamba ya kupimia,
masanduku meupe yaliyokuwa bado yananuka samaki,
na penseli ya Hilal, wa darasa la sita,
aliyekatazwa kuja, akaja.

Penseli ndiyo iliyokuwa kazi.
Yai la kasa si yai la kuku.
Likishalala mchangani, mtoto hujishikiza juu, ganda kwa ngozi;
ligeuze, umemzamisha ndani ya nyumba yake.
Basi kila yai, kabla halijainuliwa,
Hilal alilitia nukta utosini.
Juu ibaki juu.
Shafiqul wa duka la mikate alilirudia neno hilo
kila alipopokea, kama anayetoa mikate motoni:
juu ibaki juu.

Mimi ni mfamasia. Dawa nazihesabu kwa Kiingereza,
fedha kwa Kiarabu.
Mayai nilijikuta nayahesabu kwa Kiswahili,
kile cha jikoni, cha mama,
aliyerudi kutoka Wete na sanduku moja la bati
na namna yake ya kutaja namba:
hakusema tisini na tisa. Alisema mia kasa moja.

Kiota cha nane, upepo ukanipiga begani.
Yai likaviringika kiganjani,
jepesi, laini, lina unyevu kama sikio la mtoto,
na nukta ikaenda chini.
Hakuna aliyeona.
Nililirudisha lilivyokuwa. Nililiweka pamoja na wenzake.
Kwenye daftari nikaandika: mia kasa moja.
Hilal akachungulia. "Huyo kasa mmoja ni yupi?"
Sikumjibu. Nilimwambia achonge penseli.

Tulihamisha viota kumi na kimoja
hadi kwenye mwinuko, nyuma ya uzio wa mbuzi.
Vitatu bahari ilitutangulia;
tulikuta vijiti vyetu vinaelea, vitambaa vyekundu bado vimefungwa vizuri.
Polisi wakapiga simu: bonde litajaa,
njia ya Sur inafungwa saa mbili.
Tukaanza kupakia.

Ndipo akatoka.

Baada ya magharibi, povu likimtoka mgongoni,
mkubwa kama meza ya chai,
akajikokota, akapumzika, akajikokota,
akatupita kana kwamba sisi ni mawe,
akafika palepale tulipotoka kufukua,
chini kabisa, penye mchanga uliolowa,
akaanza kuchimba.

Ghanima alisema, "Wewe mama, si hapo!"
Alisema kwa sauti, kama anamwambia jirani.
Nani atamfukuza? Nani atamweleza habari za redio?
Tukazima tochi. Tukakaa.

Saa nzima ya kuchimba. Saa mbili ikapita.
Taa ya buluu ya polisi ikawa inazunguka juu ya mwamba.
Shafiqul akalala kifudifudi nyuma yake,
mikono shimoni hadi mabegani, shavu kwenye matope,
na mayai yakamdondokea viganjani,
mawilimawili, matatu, na ute wake.
Hilal akatoa penseli.
Nikamwambia haya hayana haja,
ni mabichi mno, hayajajua bado juu ni wapi.
Akairudisha mfukoni polepole. Nikaona aibu, sijui ya nini.

Alipomaliza tulikuwa na sanduku zima,
naye chini yake hana kitu.
Hakugeuka kutazama.
Akalifukia shimo tupu kwa adabu zote,
akalishindilia kwa mapezi ya nyuma,
huku, kule, huku,
akaturushia mchanga machoni na mdomoni,
akahakikisha hapajulikani pameguswa,
kisha akaingia kwenye mawimbi ambayo sisi tulikuwa tunayakimbia.

Garini sanduku lilikuwa mapajani mwangu.
Mbele polisi anagomba, nyuma Hilal amelala.
Kila shimo la barabara nilinyanyua magoti,
na nilikuwa bado nahesabu,
lakini si haya.