Povu

"Tunajali."
Neno hilo niliandika mimi. Nalipwa kwa mwezi,
na bima ya afya, na vocha ya simu.

Mwezi wa tisa mfereji wa Msaranga uliamka mweupe,
povu limepanda hadi kwenye migomba,
bata wamesimama ukingoni
kama wageni wasiojua wavulie wapi viatu.
Kijana mmoja akarekodi, sekunde kumi na tisa,
na kufika adhuhuri Moshi nzima ilikuwa imeona,
kuanzia Kiboriloni hadi Pasua.

Mkurugenzi akacheka. "Wanatoa povu tu," akasema,
na hakusikia alichokisema.
Mimi nilisikia. Nikatabasamu.
Tabasamu nalo limo kwenye mkataba.

"Tafuta watu wa kutusemea," akaniagiza.
Watu ni ghali. Nikawatengeneza.
Ijumaa nilikuwa nao kumi na wanne:
bodaboda wa Njoro, mwalimu mstaafu,
binti wa saluni asiye na saluni.
Niliwapa makosa ya tahajia ili waaminike.
Sura niliziokota huku na huko
mpaka zikaniishia, nikafungua droo,
nikatoa kijitabu cha ibada ya mazishi
na kupiga picha ya picha:
mama mdogo Aikande, kitambaa cha bluu kichwani,
pengo lake la mbele ambalo hakulificha kwa mtu.
Amelala kihambani, Kidia, mwaka wa nne huu.
Nikamwandikia:
*Maji ya mfereji ni safi jamani, mimi naogea kila siku.*
Marehemu akapendwa mara mia mbili na sita.

Jumanne usiku ukaingia ujumbe,
si wa hadharani, wa kwake peke yake,
yaani wangu:

*Aikande! Ni mimi Ndelilio, sauti ya pili, kwaya ya Kidia.
Nilipohamia Tunduru simu iliibwa na namba zote.
Waliniambia umefariki. Ona watu wanavyozua!
Nimelia mpaka mjukuu akaja kuniangalia.
Desemba napanda kuhesabiwa, nitakuletea korosho.
Mwanangu Kiwia amepanga hapohapo Msaranga,
ana mtoto wa miezi mitatu,
kila siku hela inaishia kwenye madumu ya maji.
Nimemwambia aache uoga, achote mferejini.
Aikande hajawahi kunidanganya.*

Nina majibu tayari kwa kila jambo.
Mteja mwenye hasira: aya mbili.
Mwandishi wa habari: aya moja, na namba isiyopokelewa.
Nilipekua faili lote.
Hakuna la mtu anayefurahi kwamba umefufuka.

Saa nane usiku niliandika:
*Mimi si Aikande. Aikande alifariki kweli, nilibeba shada.
Nilimvisha maneno yasiyo yake.
Mpigie Kiwia sasa hivi, asichote.*
Nikatuma kabla ujuzi wangu haujaamka
kuniambia nilainishe.

Alama mbili zikageuka bluu.
*Anaandika…*
Ikapotea.
*Anaandika…*
Ikapotea, na haikurudi tena,
na mimi nikakaa pale na mwanga wa simu usoni
kama mtu aliyevunja chungu cha jirani.

Asubuhi mkurugenzi akahesabu.
"Mbona wamebaki kumi na watatu?"
Mmoja amefariki, nikamwambia.
"Pole," akasema, akageuza ukurasa.
Hakuuliza nani.

Kijitabu bado kiko mezani, kimefunguka pale pale.
Mama mdogo ananitazama kwa pengo lake.
Pembeni nimeweka karatasi ya kampuni, yenye nembo,
nimeandika jina langu, la ubatizo na la ukoo,
bila kosa la tahajia,
na chini yake sentensi moja, haina "tunasikitika",
haina "uchunguzi unaendelea":

Povu lile ni letu.

Ni saa nne na robo.
Kumi na watatu wangu wanaendelea kusifia maji.
Sijaituma bado.