Kabla Hujalipa Chumba

Mghendi, kwanza uliza maji.
Bei itakungoja, haina miguu;
maji ya Mombasa ndiyo yenye safari.
Wakikujibu "yapo", rudia swali,
maana "yapo" ya hapa mjini
yaweza kuwa yapo Mzima, hayajaondoka.

Pandeni basi la alfajiri hapo Voi.
Treni ni nzuri, sikatai, ila huwashusha Miritini,
na kutoka Miritini hadi huku kwangu
mwenye teksi atawadai nauli ya kurudi Voi.
Mkishuka Mwembe Tayari, mkoba wa mama ushike mwenyewe.
Kijana atakayeuvuta kwa shikamoo
ana mia mbili zako mdomoni tayari.
Tuktuk: taja mahali, taja bei, ndipo ukae.
Aliyekwisha kaa hana bei.

Vyumba vya mbele vina upepo,
na honi, na mhubiri mwenye kipaza sauti,
na mia tatu zaidi.
Chukueni cha nyuma, cha chini,
mama asihangaike na ngazi na macho yale.
Neti iinue kwenye taa,
hesabu matundu kama unavyohesabu chenji.
Feni iwashe kabla hujatoa pesa;
ikizunguka kama mtu anayefikiri, omba chumba kingine.
Ile picha ya bahari ukutani isikubabaishe:
sisi tuliinunua mara moja,
wageni wanailipia kila usiku.

Chai ya humu ndani ni maji yaliyoona majani kwa mbali.
Vukeni barabara, kwa Thuweba,
mahamri yake hayafiki saa tatu.
Akimwona mama kafungwa jicho
ataongeza upawa wa mbaazi bila kuuliza.
Usimlipe nyongeza. Ataudhika mwaka mzima.
Mchana, chakula chenye jina refu ubaoni kipisheni.
Muhogo wa kuchoma ule wewe;
tumbo la mama na pilipili hawasalimiani.
Na mkitaka kutalii,
kivuko cha Likoni ni bure kwa mwenye miguu.
Nendeni, rudini. Mmeshatalii.

Umesema elfu nane.
Siku nne, mia nane mia nane: elfu tatu na mia mbili.
Chakula, mia sita kwa siku, msijinyime.
Nauli ya kurudi elfu moja, itenge leo, usiitazame tena.
Inabaki elfu moja na mia nne:
tuktuk zile, matone yale ya macho,
na kitu ambacho sijakifikiria,
maana hapa mjini kipo kila siku.

Daima dai risiti.
Mimi hutoa.
Nilimwandikia hata mama yako.
Daftari la elfu mbili na tisa, jalada jekundu,
nimekunja pembe ya ukurasa:
Mkawasi, wa Wundanyi, mkulima,
siku mbili, mia nne mia nne, amelipa.
Nilikuwa na wiki ya tatu kazini,
tajiri amekaa nyuma yangu akichokoa meno.
Sikusema, huyu ni dada yangu.
Yeye naye hakusema.
Akaikunja risiti mara nne, akaitia kifuani,
akaniuliza kama mtu anavyomuuliza mtu wa hoteli:
"Maji yapo?"
Nikamjibu yapo.

Asubuhi aliondoka hajanawa uso.

Basi njooni Jumatatu, kabla ya saa nane,
zamu yangu haijaisha.
Chumba mtalipa, sitakudanganya; tajiri ni yule yule.
Lakini nyuma ya mlango wa namba saba
kutakuwa na ndoo mbili, zimejaa, zimefunikwa.
Usimwonyeshe.
Ataziona mwenyewe,
kwa jicho moja au kwa mawili.