Tisa Waliopita

Kazi yangu pale Nyegezi ni kuhesabu mende.
Sitanii. Mshahara huingia tarehe ishirini na tano,
na mende, ukimtazama mchana kwa nia njema,
ana rangi ya chai iliyokolea majani.

Daktari Lugwisha ametengeneza njia panda ya plastiki,
mkono wa kushoto, mkono wa kulia,
na ubavuni mwa mkono mmoja
ameegemeza vibati viwili vya shaba.
Siku ya kwanza aliniambia:
hapo hakuna kinachotiririka, hakuna cheche,
usitafute mlio, usitafute harufu.
Ni umeme uliokaa tu,
kama mgeni aliyekaa sebuleni bila kuvua viatu.

Mende anakuja. Anafika penye mgawanyiko.
Vipapasio vyake, vyembamba kuliko uzi wa kushonea,
vinavutwa kidogo kuelekea shaba,
vinapinda,
naye anasimama.
Nimejifunza kukipenda kituo hicho,
sekunde tatu, nne.
Kisha anageuka.
Nami naandika: amegeuka.

Arobaini kwa siku.
Jumanne ile waligeuka thelathini na mmoja.

Mchana, tukichambua miiba ya sato,
Daktari akanisimulia habari za buibui wadogo
wapandao juu ya mawe ya Capri Point
siku ambayo ziwa limetulia na jani halitikisiki:
huinua matako juu, huachia uzi,
hewa yenye umeme ikawanyanyua, wakaenda zao
pasipo upepo, pasipo mabawa.
Nikamuuliza, na sisi je?
Akasogeza mkono wake karibu na kibati.
Malaika yakasimama, kifundoni hadi kiwikoni.
"Sisi tumebakiwa na hiki tu," akasema,
akarudi kwenye samaki wake.

Nilikuwa na nyumba Igogo, mlango wa buluu.
Redio inaimba ndani. Mchuzi unachemka.
Hajafoka mtu, hajainuliwa mkono,
nami nimeshika kitasa, na mfuko wa nyanya,
na malaika yamenisimama kifundoni hadi kiwikoni.
Hakuna kinachotiririka.
Nikaingia.
Miaka sita niliingia.

Wiki iliyofuata tukatumia gundi.
Tone moja penye shina la kipapasio, kisipinde tena.
Nilifanya mwenyewe, vidole vyangu ni vyepesi kuliko vyake.
Mende wakaenda kokote, kushoto, kulia,
wakapita kando ya shaba kama wapitao sokoni Kirumba.
Daktari alifurahi hata akanipa mkono.
"Umeona, Kwandu? Si ushujaa huo.
Habari haziwafikii."

Nikatoka nje, nikanawa pale bombani.
Nikanawa tena.
Ziwa lilikuwa jeupe kama sahani.

Jambo moja sikuliandika daftarini.
Wale tisa wa Jumanne, wasio na gundi,
walisimama kama wenzao, vipapasio vikapinda kama vya wenzao,
wakapita.
Daktari anasema tisa ni wachache, ni bahati nasibu,
hesabu haiwajali.
Mimi niliwatenga kwenye kopo lao,
nikawawekea ganda la ndizi,
nikakaa nao hadi taa za Bugando zikawaka kule mbali,
nikitaka kuuliza,
nikakosa lugha.

Sasa napanga chumba Mkolani, chumba kimoja, ufunguo mmoja.
Leo radi inazunguka juu ya ziwa, mvua haijaamua.
Nafika mlangoni na mfuko wa nyanya.
Nashika kitasa.
Nasubiri sekunde tatu, nne,
nakunja mkono wa sweta, naangalia.

Malaika yamelala.